Chungu kile kile, kitambaa kile kile

Juma hili tuongee juu ya filamu ambazo watoto wetu wanaangalia usiku, kwa jirani mwenye sola ao ndani ya simu. Nyingi zinatoka Nigeria. Karibu kila moja ina mganga, nyoka, na mwanamke mzee mwenye macho mekundu.

Mtoto mmoja wa hapa Kazimia, wa miaka 7, alikataa bugali ya nyanya yake. Nyanya anaweka majani yake ya dawa ndani ya chungu cheusi, na amekifunika kwa kitambaa chekundu, «kama kwenye filamu». Watu wazima walicheka. Siku ya tatu mmoja wao hakucheka tena. Akaanza kuuliza kile chungu ni cha nini.

Dada mmoja wa kundi letu alifanya jambo ambalo mimi nalipenda kuliko kukataza. Aliketi na yule mtoto, wakaangalia filamu mbili, moja nyuma ya ingine, akampa kazi: tafuta vitu vilivyorudi. Makochi ya tajiri wa filamu ya kwanza yalikuwa kwa pasta wa filamu ya pili. Pazia lile lile, ngazi ile ile. Chungu cha mchawi wa kwanza kilikuwa kwa mganga wa pili, na ufa wake pale mdomoni. Mtoto akapiga kelele: «Wameazimana!»

Ndiyo, wameazimana. Filamu hizo zilienea tangu 1992, wakati Kenneth Nnebue, mfanyabiashara wa kaseti, alipotoa *Living in Bondage*, hadithi ya mwanaume anayemtoa mke wake sadaka ili apate utajiri. Ilirekodiwa kwenye kaseti za video za kawaida, nayo iliuzwa sana. Waliomfuata walipiga filamu kwa siku chache, na feza kidogo, ndani ya nyumba na hoteli za kukodi. Nani atanunua makochi mapya kwa kazi ya juma moja? Sisi wenyewe tunajua viti vya harusi vinavyozunguka mtaa mzima. Na kikwembe cha kuazima, hakuna mama wa Kazimia asiyekitambua kanisani!

Hata Waingereza walifanya hivyo. Mwaka 1963 televisheni yao ya BBC ilionyesha Daleks, viumbe vya kutisha vya mchezo *Doctor Who*. Watoto walijificha nyuma ya makochi. Mkono mmoja wa kiumbe hicho ulikuwa kile kikombe cha mpira chenye mti, cha kuzibulia sinki. Mwaka 1973 walitaka jeshi zima la Daleks. Wakapanga vitu vya kuchezea vya watoto, vile vya dukani, mbele ya kamera. Na katika *Thunderbirds*, ya 1965, ukuta wa chumba cha roketi ulipambwa kwa kikamulio cha ndimu. Cha jikoni kabisa! Kuna watu wazima kule ambao mpaka leo wanafurahia kutafuta vitu vya namna hiyo katika michezo ya zamani.

Basi mfundishe mtoto asiangalie uso wa mchezaji tu. Aangalie nyuma yake: saa ya ukutani, geti, kalenda, vikombe. Mchawi akipotea ghafla, aangalie majani ya mti na vivuli. Mara nyingi vinaruka kidogo, kwa sababu kamera ilisimamishwa, mchezaji akatoka, kisha ikawashwa tena. Mtoto akiona hilo mara moja, usiku unaofuata yeye ndiye anawafundisha wenzake.

Najua wamama wengine watasema filamu hizi ni nzuri, pasta anashinda mwishoni. Mimi sikubali. Kabla pasta hajashinda, mtoto ameisha kuona kwa saa mbili nzima kwamba mzee mwenye macho mekundu ni mchawi. Na macho ya nyanya zetu ni mekundu kwa nini? Miaka hamsini ya moshi wa kuni na wa kukausha samaki.

Kuna jambo lingine ambalo wengi hawajasikia. Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mtoto uchawi, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya 10 Januari 2009 inaweka azabu. Nimeandika hili kwa sababu neno likianza kwa nyanya halikai kwa nyanya peke yake; linashuka kwa mjukuu anayelala naye kitanda kimoja, ao kwa yatima anayekojoa kitandani.

Kwa mkutano ujao, mwenye filamu mbili ndani ya simu azilete. Tutaangalia pamoja, watoto wakiwa mbele, na atakayepata chungu cha kwanza atapewa ndizi.