Sungura Hakuibiwa

Mwezi uliopita, kwenye kikao cha sisi waandishi chipukizi, nilisoma hadithi yangu ya sungura na mamba. Nilipomaliza, mwenzetu mmoja, mtu ninayemheshimu sana kwa mashairi yake, akasema, "Hiyo wapelekee chekechea." Watu wakaangua kicheko. Nikakaa chini. Lakini kukaa chini si kukubali, ndiyo maana leo nimeshika kalamu.

Haikupita hata nusu saa, watu wale wale wakaanza kuikumbuka katuni ya Tinga Tinga Tales. Ungewaona! Huyu anamwiga tumbili mwekundu aliyekuwa akitusimulia, yule anauimba wimbo wa mwanzo, wa Eric Wainaina. Macho yanang'aa. Kisha, kama kawaida yetu, yakaja malalamiko: Wazungu wametuibia hadithi zetu.

Hapo ndipo niliposhindwa kuvumilia.

Katuni ile mimi niliipenda pengine kuwazidi wote. Nilikuwa darasa la nne, tunakaa Mbagala, na dishi lilikuwa kwa jirani. Tunavua ndala mlangoni, watoto zaidi ya kumi, tunabanana sakafuni. Bibi yangu mzaa mama, mtu wa Masasi, alipewa kiti. Wanyama walikuwa na madoa na rangi kali za picha za Tingatinga, zile tulizozoea kuziona zikiuzwa kwa watalii. Kila kipindi kilikuwa na swali lake: kwa nini tembo ana mkonga, kwa nini kiboko hana manyoya.

Tatizo, wanyama wale walisema Kiingereza, tena cha haraka haraka. Bibi ananigusa bega: "Wee mume wangu, huyo anasema nini?" Na mimi na Kiingereza changu cha kumwamkia mwalimu, ningesema nini? Nikawa natunga. Nikiona kiboko anakimbia, namwambia Bibi anakimbia deni. Bibi akatikisa kichwa. "Sivyo hivyo. Sungura ndiye aliyewasha nyasi, kwa wivu. Manyoya ya kiboko yakaungua yote, akajitupa mtoni, na hadi leo anaona haya kutoka mchana." Mama mwenye nyumba akapunguza sauti ya televisheni. Siku ile tulimaliza kipindi tukiwa tumekipa mgongo, tunamsikiliza Bibi.

Basi niambieni, aliyeibiwa hapo ni nani?

Mambo yenyewe yanajulikana. Katuni iliasisiwa na Claudia Lloyd wa kampuni ya Tiger Aspect ya London, na watoto wa Uingereza walianza kuiona BBC mwaka 2010. Ilikuwa na vipindi 52. Lakini picha zake zilitengenezwa Nairobi, studio ya Homeboyz, na vijana wa huku huku kwetu. Mtindo ni wa Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi ya baiskeli, akafa mwaka 1972, akiwa bado kijana. Kwa hiyo mchoraji alikuwepo, mwanamuziki alikuwepo. Mwandishi wa Kiswahili alikuwa wapi? Alikuwa kwenye kikao, anacheka hadithi za sungura.

Pesa, mtasema. Ni kweli, katuni inakula pesa, sibishi. Ila Ubongo Kids ilianza hapa hapa Dar mwaka 2014, kwa Kiswahili, na watoto wakaishika (ingawa ile ni hesabu na sayansi zaidi, ngano bado zinangoja). Na kuandika hadithi ya bibi yako kwenye daftari kunataka mfadhili gani? Sisi tunaona fahari kuandika riwaya za mapenzi ya Masaki, mahali ambapo wengi wetu tumepita tukiwa ndani ya daladala tu. Sungura tunamwona mshamba. Halafu mgeni akimwokota na kumvika nguo nzuri, tunapiga kelele za mwizi!

Nami nasema haya nikiwa mkosaji wa kwanza. Bibi alifariki mwaka 2017, nikiwa sekondari. Miaka yote ile nilikuwa na madaftari, nimejaza humo majina ya wachezaji wa Simba na mashairi ya kumtumia msichana ambaye hata hakuyasoma. Hadithi za Bibi sikuandika hata moja. Nilidhani zipo tu, kama alivyokuwepo yeye, kila jioni. Leo nikikaa kuzikumbuka, ninazo tatu nzima, ikiwemo ile ya kiboko. Nyingine zimebaki vipande: wimbo bila hadithi, mnyama bila jina.

Ile ya mamba mliyoicheka ni ya nne. Mwisho wake nimeutunga mwenyewe, kwa sababu ule wa Bibi siukumbuki.