Puto au Stenti: Mguu Hausubiri Mjadala Uishe

Tuchukue mfano wa mkulima wa alizeti wa Iramba, mwenye umri wa miaka 60, aliyeishi na kisukari kwa muongo mzima. Mwiba ulipenya katambuga ukamchoma kidole gumba. Wiki sita zimepita. Kidonda kinasafishwa na kufungwa, dawa zinabadilishwa, wala hakiponi. Usiku maumivu humwamsha, naye hupata nafuu anapouning'iniza mguu kando ya kitanda. Hapa tatizo si kidonda peke yake, bali ni damu isiyofika, kwa kuwa ateri za chini ya goti zimeziba.

Ateri hizo zinaweza kufunguliwa bila upasuaji mkubwa. Mrija mwembamba huingizwa kupitia ateri ya kinena na kuongozwa kwa eksirei hadi penye kizuizi. Puto dogo hujazwa ili kuupanua mshipa, kisha huondolewa. Stenti ni kijibomba cha waya wenye matundu, kinachoachwa ndani ili mshipa usisinyae. Wagonjwa huuliza: ipi ni bora?

Ni rahisi kuamini kwamba chuma kinachobaki kina nguvu kuliko puto linaloondoka. Kwa mishipa ya moyo, stenti imejipatia nafasi hiyo. Chini ya goti hali ni nyingine. Ateri ni nyembamba, yenye kipenyo cha takriban milimita 2 hadi 3.5, kizuizi mara nyingi ni kirefu, na kwa mwenye kisukari kuta zimekuwa ngumu. Chuma kilichoachwa humo kinaweza kubonyea au kuvunjika.

Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2018, yaliyokusanya majaribio 7 yenye washiriki 542, yalionyesha kuwa stenti hufungua mshipa kwa ufanisi zaidi siku ya tiba. Hata hivyo, hapakuwa na tofauti ya wazi katika mshipa kubaki wazi ndani ya miezi sita, katika kukatwa mguu, wala katika vifo. Mwaka 2023 jaribio la LIFE-BTK, lenye wagonjwa 261, lilipima stenti yenye dawa ambayo huyeyuka mwilini. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 74 ya waliowekewa walikuwa hawajakatwa mguu, wala mshipa haukuwa umeziba, kusinyaa au kuhitaji tiba upya. Kwa puto pekee ilikuwa asilimia 44. Hiyo ni hatua kubwa, ingawa faida ilitokana zaidi na mishipa kutosinyaa tena kuliko idadi ya miguu iliyookolewa.

Kwa hiyo maoni yetu ni haya: puto litangulie, na stenti itumike pale mshipa unapochanika au kusinyaa tena mara tu baada ya puto kutolewa. Mgonjwa asiahirishe safari akisubiri kuuza ng'ombe ili apate stenti anayoidhani ndiyo tiba kamili. Kinachomwibia mguu ni muda.

Muda huo hupotelea karibu na nyumbani. Kutoka Singida hadi Dodoma ni takriban kilomita 240, na hadi Dar es Salaam ni karibu 700. Uamuzi wa kuianza safari hiyo huanzia zahanati. Mhudumu wa afya, mvue mgonjwa viatu vyote viwili. Gusa mapigo ya ateri juu ya wayo na nyuma ya kifundo cha ndani. Penye kifaa, linganisha shinikizo la damu la kifundo na la mkono: uwiano ulio chini ya 0.9 ni dalili ya ugonjwa. Kwa mwenye kisukari, uwiano wa kawaida usikutulize, kwa sababu ateri ngumu hudanganya kipimo. Kidonda kisichopona pamoja na mapigo yasiyogusika ni sababu tosha ya rufaa ya haraka. Na isipokuwa maambukizi yanatishia uhai, kidole kisikatwe kabla ya mtiririko wa damu kuchunguzwa.

Nawe mgonjwa, mshipa uliofunguliwa huziba tena ukipuuzwa. Acha tumbaku, dhibiti sukari, tumia dawa ulizoandikiwa, na ukague nyayo zako kila jioni.

Mwaka 1964, huko Oregon, Marekani, Charles Dotter alimtibu mwanamke wa miaka 82 ambaye vidole vyake vilikuwa vimeanza kuoza na ambaye alikataa kukatwa mguu. Puto halikuwepo, stenti haikuwepo. Daktari aliupanua mshipa kwa mirija tu. Mguu ulipona, na mama huyo aliutembelea hadi alipofariki. Aliokolewa kwa sababu kuna aliyeitafuta damu kabla ya kuushika msumeno. Hilo linawezekana Singida leo, nalo huanza kwa vidole viwili vya mhudumu juu ya wayo wa mgonjwa.