Mtoto akianza kujigeuza

Mtoto akikaribia miezi 4 anaweza kuanza kujigeuza. Toka hapo, msimfunge tena mikono ndani ya kitenge wakati wa kulala. Akigeuka kifudifudi akiwa amefungwa, hawezi kujisukuma ainue uso, na pumzi inaweza kukatika.

Mlazeni chali, usiku na mchana, juu ya godoro gumu ao mkeka, bila mto. Asiachwe peke yake kitandani, ataanguka. Chandarua kichomekwe vizuri chini. Upepo wa ziwa ukileta baridi hapa Lweba, mvalisheni nguo ya pili kuliko kumfunika blanketi zito. Akishajua kugeuka na kurudi mwenyewe, mwacheni alale anavyotaka.

Bibi anayebaki na mtoto mkienda shamba, naye aambiwe.