Sumu ya Maabara na Haki ya Mhudumu

Katika maabara nyingi za shule na vyuo, zikiwamo zilizo chini ya Kanisa, hupatikana chupa yenye chembechembe za rangi ya chungwa iliyokolea. Hiyo ni dikromati ya potasiamu, mojawapo ya chumvi za madini ya kromi. Inapendeza machoni na kazi zake ni nyingi, lakini ni sumu kali. Huenda waamini wengine wakauliza: Je, mambo ya kemia yanaihusu vipi Tume ya Haki na Amani? Jibu letu ni kwamba popote palipo na kazi ya mikono ya watu, pana swali la haki. Nani anafaidi manufaa ya kitu hiki, na nani anabeba hatari yake?

Kromi iligunduliwa mwaka 1797 na mwanakemia Mfaransa, Louis-Nicolas Vauquelin, naye aliipa jina litokanalo na neno la Kigiriki lenye maana ya rangi. Misombo yake iliyo mashuhuri ni ya namna mbili. Kuna kromi ya valensi tatu, ambayo aghalabu huwa na rangi ya kijani, na ambayo sumu yake ni ndogo. Kuna pia kromi ya valensi sita, yenye rangi ya manjano au ya chungwa, na humo ndimo ilimo dikromati tunayoizungumzia.

Nguvu ya dikromati ni kunyang'anya vitu vingine elektroni zao, na nguvu hiyo ndiyo inayoifanya ipendwe maabara. Mwanafunzi huitumia kutambua gesi ya dioksidi ya salfa, kwa kuwa ikikutana na gesi hiyo hugeuka kutoka rangi ya chungwa kuwa kijani. Hugeuka vivyo hivyo ikikutana na pombe, na kwa sababu hiyo baadhi ya vipimo vya zamani vya pumzi za madereva walevi viliitegemea. Aidha, kwa kuwa hupatikana ikiwa safi na haiharibiki upesi, hupimwa kwenye mizani na kutumika kama kipimo cha kulinganishia vingine. Wataalamu wa maji nao huichemsha pamoja na tindikali ya salfuriki ili kujua maji ya mto au maji taka yamebeba uchafu kiasi gani. Tena kwa miaka mingi mchanganyiko wake na tindikali hiyo ulikuwa dawa ya kusafishia vyombo vya kioo visivyotakata kwa sabuni. Yafaa tutafakari hapo: kitu kinachotujulisha kama mto umechafuka, kikimwagwa mtoni, chenyewe huuchafua mto.

Madhara yake ni makubwa. Vumbi lake na mvuke wa matone yake huunguza pua, na kwa wafanyakazi wa zamani uliweza kutoboa ukuta unaotenganisha matundu mawili ya pua. Likigusa ngozi yenye mchubuko huacha kidonda cha mviringo kinachochimba ndani kwa ndani, na kwa kuwa mara nyingi hakiumi sana, mtu hukipuuza. Wengine hupata mzio, ngozi ikawasha na kupasuka kila waigusapo tena, hata kwa kiasi kidogo mno. Kiasi kidogo kikimezwa huunguza tumbo, huharibu figo na ini, na chaweza kuua. Zaidi ya hayo, kuvuta vumbi lake kwa muda mrefu husababisha saratani ya mapafu. Mwaka 1990 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliiweka kromi ya valensi sita katika kundi la vitu ambavyo imethibitika kwamba huwaletea wanadamu saratani.

Sababu ya ukali huo ni ya kustaajabisha. Ndani ya maji, chembe ya kromi hii hufanana na ile ya salfati, ambayo mwili huihitaji. Seli huifungulia mlango kwa kudhani ni rafiki, mithili ya mbwa mwitu aliyevaa ngozi ya kondoo. Ikiisha kuingia hubadilika kuwa kromi ya valensi tatu, na katika kubadilika huko huharibu viini vya urithi vya seli.

Habari hizi si ngeni. Tangu mwaka 1827 daktari mmoja wa Glasgow, Scotland, William Cumin, alikwisha kuandika juu ya vidonda vya wafanyakazi walioshika chumvi za kromi. Karibu na mji huohuo, huko Rutherglen, palikuwa na kiwanda kikubwa cha kromi, mali ya ukoo wa White. Mwishoni mwa karne ya 19 mkuu wake alikuwa John Campbell White, aliyepewa cheo cha Lord Overtoun. Alikuwa mtu wa sala, mfadhili mkubwa wa kazi za dini na mtetezi wa utakatifu wa Siku ya Bwana. Misaada yake ilifika hata Afrika, na chuo mashuhuri cha misioni ya Livingstonia, juu ya Ziwa Nyasa katika nchi ya Malawi ya leo, kilipewa jina lake.

Mwaka 1899 mtetezi wa wafanyakazi, Keir Hardie, alitoa vijitabu vilivyoeleza hali ya kiwanda hicho. Wafanyakazi walifanya kazi saa 12 kwa siku, siku saba za juma, Jumapili ikiwamo, kwa ujira mdogo, huku pua na ngozi zao zikiliwa na kromi. Hatumtaji bwana huyo ili kuwasimanga ndugu zetu wa madhehebu mengine. Chuo kile kiliwaelimisha Waafrika wengi, na wema huo haufutiki. Tunamtaja kwa sababu kosa lake laweza kuwa la kila mmoja wetu: kutoa sadaka kwa mkono wa kulia huku mkono wa kushoto ukimwumiza mtu asiye na wa kumsemea.

Kiwanda kile kilifungwa katika miaka ya 1960, lakini taka zake zilikuwa zimekwisha kufukiwa sehemu nyingi za kusini-mashariki ya Glasgow. Mwaka 2019, na tena mwaka 2021, kijito cha Polmadie Burn katika mji huo kiligeuka rangi ya kijani-manjano kwa kromi itokayo ardhini. Zaidi ya nusu karne ilikuwa imepita. Faida ilikwisha kuliwa na waliotangulia, hasara ikabaki kwa wajukuu.

Mama Kanisa hakunyamaza katika mambo haya. Miaka minane kabla ya vijitabu vya Hardie, Papa Leo XIII, katika waraka wa Rerum Novarum wa mwaka 1891, alikwisha kutetea mapumziko na utu wa mfanyakazi. Papa Yohane Paulo II, katika Laborem Exercens ya mwaka 1981, alihesabu mazingira ya kazi yasiyodhuru afya kuwa miongoni mwa haki za mfanyakazi. Naye Papa Fransisko, katika Laudato Si' ya mwaka 2015, alitufundisha kwamba kilio cha dunia na kilio cha maskini havitenganishwi.

Basi tutazame nyumbani kwetu. Mwalimu wa kemia ameijua sumu hii chuoni. Mwanafunzi huishika mara chache kwa mwaka. Lakini mhudumu wa maabara, aoshaye vyombo, afagiaye meza na kumwaga mabaki, huishika mara nyingi zaidi, na mara nyingi ndiye aliyeelezwa kidogo kuliko wote. Baada yake yuko jirani achotaye maji mahali maji ya mfereji wa maabara yaishiapo. Ikiwa msalaba umetundikwa ukutani na mhudumu hana glovu, ushuhuda wetu una kasoro.

Kwa hiyo tunawasihi wakuu wa shule, kamati za parokia na viongozi wa walei washike mambo yafuatayo. Kwanza, kila chupa iwe na jina na alama ya hatari, na maelezo yake yasomwe kwa Kiswahili mbele ya wahudumu wote. Pili, kemikali hii ifungiwe kabatini, na ufunguo ukae kwa mtu anayejulikana. Tatu, vyombo vioshwe kwa sabuni za maabara zisizo na kromi, na zoezi lolote liwezalo kufanywa kwa kitu kisicho na sumu kali lifanywe hivyo. Nne, glovu, miwani na koti la kazi vinunuliwe kwanza kwa ajili ya yule aoshaye. Tano, mabaki yasimwagwe kamwe, bali yakusanywe katika chombo maalumu. Mabadiliko yaleyale ambayo mwanafunzi huyaandika daftarini, rangi ya chungwa kuwa kijani, ndiyo dalili ya sumu kupunguzwa makali. Mwalimu aliyefunzwa aweza kuyatumia kuyatengeneza mabaki kabla ya kuyakabidhi kwa wahusika. Nchini Tanzania, sheria ya kemikali za viwandani na majumbani ya mwaka 2003 imeweka utaratibu wake, na Mkemia Mkuu wa Serikali ndiye wa kuulizwa.

Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, aya ya 8, Mungu anamwagiza mtu ajengaye nyumba mpya aweke ukingo kuzunguka dari yake, asije mtu akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba ile. Agizo hilo halikungoja mtu aanguke kwanza. Nasi tunaomba kila shule yetu ihesabu, kabla ya muhula ujao kuanza, chupa zilizomo maabara na watu wanaozishika, kisha ijiulize ukingo wake uko wapi.