Pensheni ya wazee na sigara za mojamoja

Msomaji wangu, tangu Aprili 2016 mzee wa Zanzibar aliyetimiza miaka 70 hupata Pensheni Jamii. Ilianza na shilingi 20,000 kwa mwezi, baadaye ikapandishwa hadi 50,000. Kwa mvuvi au fundi wa majahazi wa Nungwi aliyeacha kazi bila kiinua mgongo, fedha hiyo ndiyo mchele na nauli ya kwenda hospitali.

Sasa piga hesabu. Mzee akivuta sigara tano kwa siku, tuseme kwa shilingi 200 kila moja, kwa mwezi ametumia 30,000. Zaidi ya nusu ya pensheni imekuwa moshi.

Je, azuiwe kuitumia hivyo? Marekani inazuia. Msaada wa chakula unaolipwa kwa kadi haununui sigara, na jimbo la Massachusetts limekataza hata msaada wa fedha taslimu kununulia tumbaku. Kwetu hilo ni gumu, kwani noti ikishaingia mfukoni haina alama. Tena nikotini ni uraibu. Ukimbana mzee, atapunguza kitoweo kabla ya kupunguza sigara, na njaa itawapata wajukuu.

Pa kushika ni dukani. Tanzania iliridhia mwaka 2007 mkataba wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa kudhibiti tumbaku. Kifungu cha 16 kinazitaka nchi zizuie kuwauzia watoto, na zijitahidi kukomesha uuzaji wa sigara mojamoja, kwa sababu bei ndogo ndiyo inayomfungulia mtoto mlango. Afya si jambo la Muungano, hivyo Zanzibar ina sheria zake na wakaguzi wake. Kazi ni kufika dukani, si kuishia mjini.

Tusisahau tambuu. Popoo husababisha saratani ya mdomo, na ikichanganywa na tumbaku hatari huzidi, ingawa hakuna moshi.

Wewe mwenye duka, usimuuzie mtoto aliyetumwa na babu yake. Leo ametumwa, kesho atajinunulia. Nawe unayeishi na mzee anayevuta, mwombe avutie nje, kwani WHO inakadiria moshi wa wengine huua watu zaidi ya milioni moja kwa mwaka. Kisha nenda naye kituo cha afya akaombe msaada wa kuacha. Hata akiwa na miaka 70, kuacha kuna faida kwa moyo na mapafu yake.