Ukungu wa kwenye glasi na ukungu wa kwenye gunia

Msikilizaji wetu mmoja wa Katumba alitutumia picha kwenye simu. Ni picha ya glasi ya bia iliyojaa, rangi yake kama juisi ya embe, nzito kiasi kwamba kidole kilichoishika hakionekani upande wa pili. Ndugu yake aliye ughaibuni ndiye aliyempelekea. Msikilizaji akauliza kama Wazungu nao wameanza kunywa impeke, na kama ni hivyo, wanauziwa kwa bei gani.

Tulicheka studioni. Baadaye tukaona swali hilo lina uzito, hasa kwa msimu huu ambao mahindi, mtama na ulezi vinaingia ghalani na vyungu vya pombe vinaanza kupanda motoni. Kuna ukungu wa aina mbili unaohusu pombe. Mmoja hauna shida. Mwingine unaua. Makala hii inaeleza tofauti yake.

Bia ile ya kwenye picha

Bia nyingi tunazoziona dukani huonekana safi kama kioo kwa sababu kiwanda kimezichuja. Pamoja na nafaka, huwekewa maua ya mmea uitwao hopsi, unaotambaa juu ya kamba kama maharage ya kupanda. Maua hayo ndiyo yanayoleta uchungu na harufu ya bia. Kwa kawaida hukaushwa na kutunzwa ili yatumike mwaka mzima.

Mara moja kwa mwaka, wakati wa mavuno, baadhi ya watengenezaji huyatumia yakiwa mabichi. Katika bonde la Yakima, jimbo la Washington nchini Marekani, mavuno hayo huwa mwishoni mwa Agosti na Septemba. Ua bichi limejaa maji na huharibika upesi, kwa hiyo magari huyakimbiza kutoka shambani hadi kiwandani, na lengo ni yaingie kwenye pipa ndani ya siku moja. Bia inayopatikana ni ya msimu. Ikikaa miezi, harufu yake ya shambani inapungua, kwa hiyo wanaoipenda huisubiri na kuinywa mapema.

Kuhusu ukungu wake, siri si kubwa. Baadhi ya bia hizo hazichujwi. Ndani yake hubaki protini ya ngano au shayiri, vitu vidogo vidogo vya hopsi, na wakati mwingine hamira. Mwanga ukipita humo hutawanyika, na bia inaonekana kama ina ukungu. Kwa miaka mingi katika aina hizo za bia, ukungu ulihesabiwa kuwa kasoro. Mwaka 2018 chama cha watengenezaji bia cha Marekani kikaiingiza bia ya aina hiyo yenye ukungu kwenye orodha rasmi ya aina za bia. Kilichokuwa kasoro kikawa sifa, na bei ikapanda.

Katumba haikuhitaji orodha hiyo

Katumba, iliyopo Halmashauri ya Nsimbo, ilifunguliwa mwaka 1973 kuwapokea wakimbizi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 nchini Burundi. Walikuja na jembe, na lugha yao, na pia ujuzi wa kupika. Walipofyeka miombo na kupata mavuno, impeke, yaani pombe ya mtama, ikarudi kwenye harusi, kwenye kupokea mgeni na kwenye kazi za kusaidiana shambani. Wengi wa wakazi wa makazi hayo na ya Mishamo na Ulyankulu wakawa Watanzania. Watu zaidi ya 160,000 walikubaliwa uraia, na vyeti vikaanza kutolewa Oktoba 2014. Leo hapa Katavi impeke ni jirani wa pombe za Wafipa, Wabende, Wasukuma na wengine, pamoja na wanzuki ya asali ya misitu yetu.

Namna ya kuandaa inafanana kwa makabila mengi. Mtama au ulezi unalowekwa, unaachwa uote, kisha unaanikwa na kusagwa. Hicho ndicho kimea. Kimea kina kazi maalumu: mbegu inapoota hutengeneza vimeng'enya vinavyogeuza wanga kuwa sukari. Uji wa unga unapikwa, unapoa, unachanganywa na kimea, na hamira inakula ile sukari na kutoa kilevi na mapovu. Baada ya siku chache pombe inachujwa machicha, na inanyweka ikiwa bado inachemka yenyewe bila moto.

Ndiyo maana haiwezi kuwa safi kama maji. Imebeba wanga, protini na hamira iliyo hai. Na ndiyo maana haikai. Leo tamu, kesho kali, keshokutwa siki. Mama anayepika Ijumaa anajua lazima auze hadi Jumapili.

Hata kiwanda kimeikubali hali hiyo. Chibuku, pombe ya nafaka iliyoanzia Zambia miaka ya 1950 na kusambaa nchi nyingi za kusini na mashariki mwa Afrika, ikiwemo Tanzania, huuzwa ikiwa nzito na yenye ukungu. Mnywaji hutikisa pakiti kwanza ili machicha yaliyotuama chini yachanganyike. Hakuna anayedhani imeharibika.

Kwa hiyo jibu la kwanza kwa msikilizaji wetu ni hili: ukungu wa kwenye glasi peke yake hauonyeshi ubaya wa pombe. Lakini usikimbilie kusema unaonyesha ubora. Hauonyeshi hata huo.

Kiswahili chetu kinatuonya

Neno ukungu lina maana mbili. Kuna ukungu wa asubuhi unaofunika bonde, na kuna ukungu unaoota juu ya mkate au punje za mahindi, ambao pia tunauita kuvu. Huyu wa pili ndiye wa kuogopwa, na kwa bahati mbaya akishaingia kwenye pombe haonekani tena.

Januari 2015, katika eneo la Chitima, mkoa wa Tete nchini Msumbiji, watu walikusanyika msibani. Kama ilivyo desturi, kulikuwa na pombe ya kienyeji ya nafaka. Walioinywa asubuhi hawakudhurika. Walioinywa baadaye mchana walianza kuumwa tumbo, kutapika na kuishiwa nguvu. Watu 75 walikufa na zaidi ya 170 walilazwa. Aliyeipika naye alikuwa miongoni mwa waliokufa.

Uvumi ulienea haraka. Watu walisema pombe imetiwa nyongo ya mamba, na wengine walimtafuta mchawi. Sampuli zilipelekwa maabara nje ya nchi, na uchunguzi ukachukua muda mrefu. Mwishowe wanasayansi walikuta sumu iitwayo asidi ya bongkreki, inayotengenezwa na bakteria kwenye unga wa mahindi ulioharibika. Sumu hiyo haina rangi, harufu wala ladha, na kuchemsha hakuiondoi. Hakukuwa na mamba wala mchawi. Kulikuwa na unga mbovu.

Tukio la Chitima ni la nadra. Lakini kosa lililolizaa si la nadra hata kidogo. Katika nyumba nyingi za wakulima, mahindi yanapochambuliwa, mazuri huenda gunia la chakula na la kuuza. Yaliyoota kuvu, yaliyolowa na mvua, yaliyobadilika rangi hutengwa pembeni. Halafu mtu anasema yasitupwe, yatafaa kwa pombe.

Hapo ndipo hatari inapoingia. Kuvu wa mahindi na karanga hutengeneza sumukuvu. Mwaka 2016 sumukuvu ilisababisha wagonjwa 68 katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na 20 kati yao walikufa. Walikula mahindi ya nyumbani kwao, si pombe. Nchini Kenya mwaka 2004 watu 125 walikufa kwa sababu hiyohiyo. Sumukuvu haiishi kwa kupika, na kuchachusha hakuimalizi. Anayekula au kunywa kidogo kidogo kwa miaka anaweza kupata saratani ya ini bila kujua ilikotoka. Na machicha ya pombe hiyo hupewa kuku na nguruwe, ambao nao hudhurika.

Safi kama maji si salama

Wapo wanaosema basi afadhali kinywaji kinachoonekana safi. Gongo ni safi kama maji ya kisima. Utengenezaji wake bila kibali umekatazwa na sheria tangu miaka ya 1960. Hatari kubwa ya pombe kali za uchochoroni ni methanoli, ambayo nayo haina rangi. Mei 2014 nchini Kenya, makumi ya watu walikufa katika kaunti kadhaa baada ya kunywa pombe yenye methanoli, na wengine wakapofuka. Jicho halikuwasaidia.

Hapa kwetu serikali ilipiga marufuku pombe za viroba kuanzia tarehe 1 Machi 2017. Hatua ile ilihusu vifungashio vya plastiki na urahisi wa vijana kupata pombe kali kwa bei ndogo. Pombe ya nafaka inayopikwa nyumbani ilibaki ilivyokuwa, ikisimamiwa zaidi kwa leseni na saa za kufungua na kufunga vilabu.

Saa za vilabu zina maana yake. Mtu anayelewa saa nne asubuhi wakati wa palizi anaiumiza familia yake. Lakini tukitazama vifo vya Chitima na vya Dodoma, saa haikuwa chanzo. Chanzo kilikuwa nafaka. Mjadala wa pombe za kienyeji kwenye mikutano ya vijiji huishia kwenye muda na ushuru, na mara chache mtu huuliza unga umetoka gunia lipi.

Swali hilo linawahusu zaidi akina mama. Kwa wengi wao, pipa moja la pombe ni ada ya shule, ni sabuni na mafuta ya taa, ni pesa ya kibarua wa kuvuna. Kuwakimbiza kunawasukuma wapikie porini, ambako hakuna wa kuona walichokitia chunguni. Kuwaacha bila mafunzo nako ni kuwatelekeza, wao na wateja wao. Njia ya katikati ipo: elimu ya nafaka safi na maji safi iende sambamba na leseni, afisa kilimo na afisa afya wafike kilabuni kama wanavyofika ghalani, na mpishi mwenye nafaka nzuri aruhusiwe kujivunia kazi yake na kuuza kwa bei inayolingana nayo. Huko Marekani bia yenye ukungu haikupanda bei kwa sababu ya ukungu. Ilipanda kwa sababu mnywaji anaambiwa maua yametoka wapi na yamevunwa lini.

Ufanye nini msimu huu

Kausha mahindi na mtama juu ya turubai au kichanja, si juu ya udongo mtupu. Unyevu usizidi asilimia 13.5. Kama huna kipimo, tumia chumvi: chukua chupa kavu, weka punje kiasi na chumvi kavu kidogo, funga, tikisa vizuri, kisha acha dakika chache. Chumvi ikiganda kwenye ukuta wa chupa, nafaka bado mbichi. Rudisha juani.

Chambua punje zenye kuvu, zilizovunjika na zilizobadilika rangi. Zikishatengwa, usizipike, usizitie kwenye kimea, usiwape mifugo. Zifukie. Inauma kutupa debe la mahindi, tunajua. Bei ya debe hilo ni ndogo kuliko sanda.

Kimea nacho kitazamwe. Nafaka inayooteshwa inakaa na unyevu siku kadhaa, na huo ndio muda kuvu anaoupenda. Kikionyesha madoa ya kijani, meusi au ya pinki, kiache.

Usitumie dumu lililowahi kubeba dawa ya pamba au tumbaku, hata ukiliosha mara kumi. Maji yachemshwe.

Na kwa mnywaji: muulize mpishi pombe imepikwa lini na kwa nafaka gani. Si dharau kuuliza. Ukiona baada ya kunywa unatapika mfululizo, macho yanageuka manjano au unaona kiza, usisubiri kupona usingizini. Nenda kituo cha afya haraka, na wenzako uliokunywa nao waambiwe.

Mjamzito asinywe kabisa. Mtoto aliye chini ya miaka 18 asiuziwe, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza. Na asiyekunywa, kwa imani yake au kwa afya yake, asilazimishwe kwa jina la mila. Naye mahindi yake yanahitaji kukaushwa vilevile, maana ugali unatoka gunia lilelile.

Msikilizaji wetu wa Katumba, bia ile ya kwenye picha si impeke, ila ni binamu yake wa mbali. Zote mbili ni za msimu, hazikai, na zina ukungu kwa sababu hazikuchujwa zikaisha. Ukipewa kikombe cha impeke msimu huu, usihangaike kukielekeza kwenye mwanga. Muulize mama aliyeipika akuonyeshe gunia.