Chuo Kikuu si Majengo ya Tunguu

Vijana wenzangu, kila ikifika bajeti tunahesabiwa majengo: dahalia mpya, maabara mpya, ukumbi mpya. Sawa, wanafunzi wanahitaji pa kulala na pa kusomea. Mie suali langu ni jengine. Ndani ya majengo hayo atasomesha nani, na nani anamsomesha yeye?

Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, kiliundwa kwa Sheria Namba 8 ya 1999 na kikaanza kusomesha 2001. Baadaye kikaunganishwa na vyuo vyengine vya Serikali: cha fedha Chwaka, cha utalii Maruhubi, cha afya Mbweni, cha uandishi wa habari. Kuunganisha vyuo kwenye karatasi ni rahisi. Kazi ni watu. Mwalimu aliyeajiriwa kusomesha cheti na stashahada hageuki mhadhiri kwa kubadilishiwa kibao cha mlangoni. Anahitaji kusoma, anahitaji muda wa utafiti, na anahitaji kujua cheo chake kinapandaje.

Hapo ndipo penye mtego. Mhadhiri msaidizi mwenye shahada ya uzamili, kwa kawaida hapandi kuwa mhadhiri bila ya PhD. Akipewa likizo ya masomo, vipindi vyake vinabebwa na wenzake au na wahadhiri wa muda. Akirudi, anadaiwa atumikie chuo kwa mujibu wa mkataba. Ni haki kabisa, maana kasomeshwa kwa fedha za watu. Lakini akirudi akawekwa miaka bila ya kupandishwa wala kuambiwa sababu, ataondoka mkataba ukimaliza. Dodoma wapo wanaomtaka, Muscat wapo. Tutakuwa tumemsomeshea mwengine.

Fedha zipo, tusidanganyane. Mradi wa HEET, mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425 kwa vyuo vikuu vya Tanzania, SUZA ikiwemo, una fungu la kuwasomesha wahadhiri. Mkopo huo tutakuja kuulipa sisi tulio na miaka ishirini na kitu leo. Tuna haki ya kujua nani amekwenda, kasomea nini, na karudi au hakurudi.

Halafu kuna ajira. Pale Jaws Corner kila kijana ana kisa chake cha kimemo: fulani kaingia kwa sababu ni mtoto wa fulani, fulani kakosa kwa sababu kwao wanajulikana wako upande gani. Visa vya barazani si ushahidi wa mahakamani, hilo nalijua. Lakini dawa ya tetesi ni uwazi. Kifungu cha 12 cha Katiba ya Zanzibar ya 1984 kinakataza ubaguzi, na maoni ya kisiasa yametajwa humo. Kifungu cha 18 kinatupa haki ya kupewa taarifa.

Kwa hiyo wawakilishi wetu wabebe mambo matatu. Kwanza, kila chuo cha umma kitoe hadharani kila mwaka mpango wa mafunzo ya wafanyakazi wake, na usiishie kwa wahadhiri. Mkutubi, fundi wa maabara na afisa wa usajili nao wamo, maana matokeo yakipotea mwanafunzi hamuendei profesa. Pili, anayeomba kupanda cheo ajibiwe kwa maandishi ndani ya muda uliowekwa, na akikataliwa apewe sababu na nafasi ya kukata rufaa. Tatu, alama za usaili zihifadhiwe na muombaji akitaka zake aonyeshwe.

Mwaka 2023 IIT Madras ilifungua kampasi yake hapa Unguja, ya kwanza ya IIT nje ya India. Tunaikaribisha. Lakini mgeni hatukai nyumbani kwako milele akikupikia. Iwe ni pahala pa vijana wetu kujifunza na wao wakasomeshe.

Na sisi upinzani tujiambie ukweli. Siku tukishika nchi tukaingiza watu wetu kwa vimemo vyetu, tutakuwa tumebadilisha wino tu. Ndiyo maana tunataka utaratibu uandikwe leo, uwabane wao, na kesho utubane na sisi.